Bawaba za Sanduku la Bonane

Jumatatu, tarehe 17 Desemba 1979

Nimepata! Sanduku limelala chini ya kitanda changu. Mimi Kambo Mujinga, bibi wa wajukuu kumi na wanne, muntu ambaye hakukanyaga shule hata kwa kufagia, leo ni banki!

Naandika ndani ya bordero ya shemini-de-feri, daftari ya mizigo ya reli, aliyoniachia marehemu mume wangu Papa Hippolyte. Yeye njo alinifundisha herufi, kwa majina ya stasyo yaliyoandikwa kwenye mabehewa. Nilijua kuandika Kabalo kabla ya kujua kuandika jina langu.

Mambo ni hivi. Sisi mamama tisa wa samaki wakavu tunatia pesa ndani ya sanduku kila wiki, tangu Pasaka. Linafunguliwa tarehe 31, kila mama anapata yake ya Bonane, mwaka mupya. Mutunzaji alikuwa Mama Bertille, lakini amemufuata mutoto wake huko Kabalo. Wakanichagua mimi. Kufuli ni mbili: ufunguo wa kwanza kwangu, wa pili kwa Mama Angélique. Hakuna anayefungua peke yake.

Nimeapa kama desturi yetu: mukono juu ya kufuli, chumvi juu ya ulimi. Sitagusa kufuli hizi bila wenzangu. Nikigusa, chumvi itaniuliza.

Mama Pascasie, anayetunza sanduku la mamama wa unga wa mihogo, alikuja kuchungulia. Akasema banki si mudomo, banki ni kunyamaza. Nikamujibu kwamba kama banki ni kunyamaza, basi makaburi yangekuwa yanakopesha watu. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Yeye hakucheka. Hajacheka tangu Wabelgiji waondoke.

Jumanne, tarehe 18

Nimeenda banki ya muji kuangalia wenzangu wanafanyaje kazi.

Nimejifunza mengi! Kwanza, kioo. Muntu wa banki anakaa nyuma ya kioo chenye tundu, pesa inapita, pumzi haipiti. Pili, hakuangalii usoni. Tatu, ukifika karibu naye, saa ya kufunga inafika.

Nilimuuliza pesa za watu zinalala wapi. Akaniita Sitwayeni, yaani mwananchi, akanicheka kidogo, akasema pesa hailali, Sitwayeni, pesa inafanya kazi.

Haa! Na yangu je? Iko chini ya kitanda, mvivu, inanenepa kwa unyevu!

Nimeamua mambo mawili. Nitanunua kioo na kutoboa gishe, dirisha la pesa, kwenye ukuta wa jikoni. Na pesa ya mamama itaenda kazini. Itarudi kabla ya tarehe 31, imeoga, imevaa. Faida kidogo itanunua kioo. Nani ameibiwa hapo? Hakuna.

Nimejaribu pia kutomwangalia muntu usoni. Jirani yangu Mama Célestine, mumoja wa sisi tisa, alipokuja kuomba moto, niliangalia ukuta. Akadhani nimepatwa na kifafa, akanimwagia maji.

Jumatano, tarehe 19

Nimepata kazi ya pesa! Papa Isidore, mwenye duka karibu na bandari, ameshusha chumvi ya Kigoma. Kabalo hakuna chumvi. Kongolo wanapika kwa majivu. Treni inaondoka Ijumaa. Magunia kumi na mawili, ukiyauza huko unapata mara moja na nusu!

Shida: kiapo. Nilikaa mbele ya sanduku nikifikiri sana. Kufuli sikuzigusa. Mimi ni muntu wa neno langu. Lakini nilipoligeuza nipanguse vumbi, nikaona nyuma kuna bawaba mbili, na kila bawaba ina visi tatu, vile vyuma vya kuzungusha. Na turnevisi ya kuzifungulia, ya Papa Hippolyte, iko hapo hapo kwenye ndoo.

Niliapa kwa kufuli. Bawaba haikutajwa.

Mchana mamama wote walikuwa sokoni. Visi sita, dakika kumi. Mamama tisa wanalinda mulango wa mbele miezi minane, na mulango wa nyuma unafunguka kama mudomo wa mulevi! Nilichukua pesa yote, noti za zaire tano na za zaire kumi, nzuri, nene. Ndani nikaweka mawe ya ziwa na bordero za zamani, uzito usipungue. Nikafunga tena visi tano. Ya sita imeanguka, sijui imejificha wapi.

Isidore amelipwa, magunia yako chumbani. Nimelala juu yake kama malkia.

Ijumaa, tarehe 21

Treni haikuja. Mvua imekata njia upande wa Nyunzu.

Nilimuuliza mukubwa wa stasyo kama itakuja kesho. Akasema itakuja ikifika.

Siku ya Mungu, tarehe 23

Chumvi inalia! Mvua inanyesha, magunia yanatoa maji, chumbani ni matope. Nimeyapandisha juu ya kitanda. Mimi nalala chini, mahali pa sanduku. Sanduku liko juu ya meza na kitambaa cha maua, kama maiti ya heshima.

Halafu Pascasie! Baada ya misa, akasimama mbele ya mamama wote, wa samaki na wa unga. Akasema mutunzaji wa pesa za watu anapaswa kuonyesha kabla hajaombwa. Kwa hiyo Jumatano masanduku yote mawili yafunguliwe, kila muntu aone kwa macho yake. Wote wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga. Nilipiga kuliko wote. Mikono bado inauma.

Nyoka yule! Hakuna aliyemuomba kuwa muaminifu kwa sauti.

Jumanne, tarehe 25, Noeli

Mama Angélique alikuja na binti yake Elisabeth. Musichana anasoma kwa masista Kongolo, sasa yuko likizo. Anasoma Kifaransa kama muntu anayekunywa maji. Masista wamesema bila minerval, pesa ya shule, asirudi. Na minerval yote iko ndani ya sanduku langu. Yaani, ilikuwa.

Angélique akaniambia, Kambo, siku hizi nalala vizuri kwa sababu pesa iko kwako. Akasema wewe unapenda watu sana, na muntu anayependa watu hawezi kuwaibia.

Nilimupa musichana paja la kuku. Halafu paja la pili. Halafu mugongo. Kuku aliisha, haya haikuisha.

Akaniuliza kwa nini nyumba inanuka bahari. Nikamwambia ni uzee.

Kesho ni Jumatano. Mungu, lete treni! Au vunja kufuli ya Angélique, ufunguo ukatikie ndani. Sikuombi mengi.

Jumatano, tarehe 26

Lazima niandike yote!

Asubuhi mapema, hodi. Papa Isidore, anacheka kama bwana arusi, na pusupusu ya kubebea mizigo mulangoni. Akasema hakulala. Roho inamusuta kwa kumuuzia mujane chumvi wakati treni imekwama. Yuko tayari kuchukua magunia yote na kunirudishia pesa yangu ile ile, na zaire thelathini juu yake!

Nilipiga magoti! Nilimubariki mpaka kizazi cha nne! Akamwaga noti juu ya mukeka, mara moja akalikamata gunia la kwanza.

Nikamwambia ngoja. Wiki ya Noeli muntu hatoki kwa Mujinga na tumbo tupu. Akasema ana haraka. Nikasema haraka ina ndugu? Kaa. Nikasonga bukari, nikapasha samaki wetu mikebuka kwa pilipili. Akala amesimama. Nikamukalisha. Akameza bila kutafuna, nikamuongezea sahani ya pili. Jasho lilimutoka kama muntu anayesukuma kabehewa. Nikafikiri ni pilipili. Nikamuletea maji, na ndizi.

Alikuwa anamenya ndizi Mama Célestine alipoingia na radio begani, kitambaa cha kichwa kimeanguka, analia na kupiga kelele pamoja. Noti za tano na za kumi zimekufa! Radio imesema! Siku chache tu za kubadilisha banki, na kwa kipimo, zinazobaki ni za kuwashia moto!

Niliangalia mukeka. Tano na kumi, zote.

Nikamwangalia Isidore. Isidore akaangalia ndizi.

Nikamwambia amalize kula, halafu abebe karatasi zake. Nilimufungia hata samaki wa njiani. Ni mwizi, lakini mwizi pia ana tumbo. Akaanza kulia kwamba mimi nitamuua. Nikamwambia mimi nimemulisha, wengine wangemuua.

Hajafika barabarani, mamama wakajaa uani. Fungua, Kambo! Fungua tukimbie banki! Nilizungusha ufunguo wangu. Angélique akazungusha wake. Kifuniko kikainuka. Mawe. Bordero. Nilisikia kuku wa jirani akifikiri.

Célestine akaniuliza pesa iko wapi. Miguu njo ilijibu: ilienda chumbani, ikasukuma mulango.

Magunia kumi na mawili ya chumvi, juu ya kitanda, meupe kama malaika.

Vigelegele! Wakanibeba! Kambo alijua! Kambo ana radio ndani ya mifupa! Nilitaka kusema ukweli. Kweli nilitaka. Lakini walikuwa wamenishika juu juu, na juu pale muntu anasahau. Nikasema niliota ndoto.

Mpaka jioni watu walikuwa wanapanga mustari. Hakuna anayetaka noti kubwa, wote wanataka kitu cha kushika. Tukapokea noti za moja na makuta, pesa ndogo, ambazo bado ziko hai, na mbuzi, na mafuta ya mawese, na pagne mupya za kuvaa. Bei ilipanda mara tatu!

Muntu mmoja hakupiga vigelegele. Angélique alichuchumaa nyuma ya sanduku, akapitisha kidole juu ya bawaba, polepole, visi moja, mbili, tatu, nne, tano, na tundu. Kisha akaniangalia.

Akasema, Kambo, chumvi haijakuuliza?

Jumamosi, tarehe 29

Nimemutembelea Pascasie kwenye mustari wa banki. Siku ya tatu anasimama pale, sanduku kichwani. Noti zake alikuwa amezinyoosha kwa pasi ya makaa, kila moja, zisikunjane. Wamepokea sehemu tu. Nyingine wamemusukumia nyuma kupitia tundu la kioo. Mamama wa unga wanamutukana mbele yake. Wanamuuliza kwa nini yeye hakuota.

Nikamwambia kaa chini, dada, kula. Hakukaa. Akasema, mimi nilitunza. Hata moja haikupotea mukononi mwangu.

Alirudia mara tatu. Halafu akalia ndani ya kifua changu, mbele ya watu, yule jiwe! Nilimushika kwa nguvu. Nikafukuza kwa fimbo mama mumoja aliyekuwa anacheka. Jioni nikamupelekea gunia moja la chumvi. Ni la Célestine, alilojiwekea kwangu kama sehemu yake, lakini Célestine ana moyo muzuri, angekubali kama ningemuuliza.

Pascasie akakataa kulipokea mpaka ajue ni la nani. Nikasema ni langu. Akaniambia hata sanduku likirudi kwake mwaka kesho, atafanya vile vile: atafunga, atanyamaza, ataonyesha.

Nilirudi nyumbani na huzuni. Masikini. Pigo kubwa namna hii, na hakujifunza kitu!

Jumatano, tarehe 2 Januari 1980

Treni imelia! Elisabeth ameondoka asubuhi, minerval ndani ya soksi, kikapu cha mikebuka kichwani. Nililia kuliko mama yake. Nimemwambia akijua Kifaransa chote arudi anisomee karatasi niliyoona imebandikwa ukutani kwa banki, nahisi ina siri.

Jana tulipiga kura ya mutunzaji mupya. Angélique alisimama akasema yeye amepata minerval na anashukuru, lakini muntu aliyeokolewa na mwizi hapaswi kumupa mwizi mulango wa nyumba. Akasema achaguliwe Pascasie, ingawa ni wa unga. Kura moja. Zangu nane! Na mamama wa unga saba wanaomba kuingia kwetu na pesa yao iliyobaki. Nitahitaji kioo kikubwa zaidi.

Célestine aliuliza gunia lake. Nikasema chumvi inayeyuka.

Basi Angélique akadai kitu kimoja: bawaba zipigwe riveti kwa mafundi wa atelie ya reli, na kiapo kiandikwe upya. Nilikubali mbele ya wote! Riveti zimepigwa leo, hata tembo hafungui. Mukono juu ya sanduku, chumvi juu ya ulimi, niliapa kwa kufuli, na kwa bawaba, na kwa kila visi iliyomo duniani. Angélique alinisikiliza neno kwa neno. Nilimukumbatia. Nampenda yule mutoto, ana akili.

Saa tisa Papa Isidore alipita, amekonda, tumeshapatana. Anasema mashua ya Kigoma inaleta vitunguu Ijumaa, vimeiva sana, ndiyo sababu bei ni ya kutupa.

Nimeligeuza sanduku nipanguse vumbi.

Chini ni mbao tu. Misumari sita.

Mbao haikutajwa.