Feni au Maji

Jumatatu, 3 Machi

Kompyuta imejizima tena. Mara ya tatu leo! Niliiunda mwenyewe wiki tatu zilizopita, kila kipande nimekichagua mimi, kila skrubu nimeikaza mimi, na sasa inanizimikia kama koroboi. Kuchora inachora vizuri. Tatizo ni kutoa video. Nikiiagiza tu, feni inanguruma, kipimo cha joto kinapanda hadi nyuzi tisini na nane, halafu giza.

Mimi ni mchora ramani. Siku hizi wakandarasi hawataki karatasi. Wanataka video ambamo mtu anaingia mlangoni, anapita ukumbini, anachungulia jikoni, wakati kiwanja chenyewe bado ni majani matupu. Mkandarasi mmoja amenipa hosteli ya wauguzi, vyumba arobaini. Anaitaka tarehe 12, Jumatano, saa nne asubuhi, mbele ya kamati ya ujenzi. Nikishindwa, kazi inakwenda kwa Rula.

Rula ni mchora ramani wa mtaa wa pili. Tunamwita hivyo kwa sababu hata akiinama anainama kwa pembe. Kompyuta yake inapozwa kwa maji. Maji ya buluu, yanapita kwenye mipira, yanamulikwa na taa, ubavu wote wa kasha ni kioo. Alinionyesha picha kwenye simu. Nikajifanya sijaona. Akanionyesha tena.

Nimeamua. Na mimi maji.

Jumanne, 4 Machi

Mke wangu kamwita kaka yake bila kuniambia. Shemeji ana kibanda cha kutengeneza kompyuta karibu na kituo cha mafuta, na anajiona. Alikuja na bisibisi na brashi ya rangi. Akazunguka chumba changu cha kazi kama daktari wa zamu. Akasema dirisha linaangalia machweo. Akasema kasha nimelibana kati ya kabati na ukuta, linavuta pumzi yake lenyewe. Akasema kwa prosesa kama hii, huo ubongo wa kompyuta, feni moja nzuri, iliyofungwa vizuri, inatosha na kubaki.

Nikamweleza kuhusu maji. Akanisikiliza mpaka mwisho, jambo lililoniudhi zaidi. Akasema maji hayali joto, yanalibeba tu mpaka kwenye rejeta, na rejeta nayo inapozwa na feni.

“Kwa hiyo shemeji,” akasema, “utakuwa umelizungusha joto mtaa mzima ili likutane na feni ileile.”

Mke wangu akacheka. Si lazima mtu acheke kila kitu.

Shemeji akaomba afungue aone feni ilivyokaa. Nikakataa katakata. Kazi ya mtu haifunguliwi mbele ya mkewe.

Alipoondoka mke wangu akaniuliza swali moja tu: hayo maji yanavuja? Nikasema ya kisasa hayavuji. Akauliza ya kisasa ni yapi. Nikakumbuka kwamba sijamwagilia maua.

Jumatano, 5 Machi

Mpango! Mama mkwe yuko kwetu mwezi huu kwa ajili ya matibabu ya goti. Baada ya chakula cha mchana hulala chumba cha pili, na kati yangu na yeye kuna ukuta wa mbao nyembamba. Nikipandisha feni mpaka mwisho, atalalamika kwa binti yake. Binti yake atakuja kwangu. Nitasema, kwa huzuni, kwamba ningekuwa na maji kusingekuwa na kelele. Mchezo umekwisha.

Saa nane mchana nikapandisha feni. Meza ikatetemeka. Kikombe kikatembea chenyewe. Mama mkwe akakoroma kwa muda wa saa mbili na nusu.

Alipoamka akanishukuru! Kumbe alifanya kazi idara ya maji miaka thelathini na moja, akitafuta mabomba yanayovuja, na amezoea kusinzia kando ya mashine za kusukuma maji. Tangu afike hapa, anasema, hajapata usingizi kama wa leo.

Nikaropoka kwamba kuna kompyuta zinazotumia maji. Hapo akavaa miwani.

Akataka kujua ni mipira ya unene gani, viungio vya aina gani, pampu ina nguvu kiasi gani. Nikasema vya kisasa. Akasema yeye hakatazi maji, ila ana sharti: mfumo wote uunganishwe nje ya kompyuta, ujazwe, pampu iwashwe, utandikiwe gazeti kavu chini, ukae hivyo kutwa nzima. Tone moja likionekana, hakuna kuingiza.

“Maji hayakai tu mahali, mkwe. Muda wote yanatafuta pa kutokea.”

Nikakubali mbele ya mke wangu. Kwa hiyo nimeruhusiwa! Kelele hazikufaulu lakini nimefaulu.

Alhamisi, 6 Machi

Nimempiga bao Rula. Nilisikia anabadilisha kompyuta yake, nikaenda kwake nikiwa na uso wa mtu anayepita tu. Nikamuuliza atafanya nini na vile vifaa vya maji. Akasema hajui. Nikampendekezea tubadilishane: vifaa vya maji kwa kiti changu cha kazi, kile cha kuegemea, chenye magurudumu. Nilitarajia atanisumbua. Akavibeba mwenyewe mpaka mlangoni kwangu na kiti akaondoka nacho, hata chai hakusubiri.

Pampu, rejeta, mipira, chupa nzima ya maji ya buluu. Mjinga kabisa yule!

Mke wangu ameuliza nitakalia nini. Nimemwambia wataalamu wanashauri kusimama. Leo nimemaliza kuchora vyumba vyote arobaini nikiwa nimesimama. Mgongo unauma.

Ijumaa, 7 Machi

Leo nimefungua feni ya zamani ili niitoe. Naandika haya nikiwa peke yangu na mlango nimeufunga.

Chini ya feni, pale chuma chake kinapolalia prosesa, kulikuwa na karatasi ya nailoni. Nyembamba, angavu, imekunjamana kwa joto. Imeandikwa kwa herufi kubwa: ONDOA KABLA YA KUTUMIA.

Nilikaa chini sakafuni. Wiki tatu! Joto lilikuwa linagonga nailoni na kurudi. Feni ilikuwa nzima. Prosesa nzima. Hata dirisha la machweo halina kosa.

Hapa palikuwa na njia mbili. Ningeifuta prosesa, nipake grisi mpya ya kupitisha joto, nirudishe feni, dakika kumi, mambo yameisha. Lakini mtu akija kuuliza tatizo lilikuwa nini, ningemjibuje? Na shemeji je? Na kiti je?

Nimeikunja nailoni mara nne, nimeizika kwenye ndoo ya taka chini ya maganda ya viazi. Tunaendelea na maji.

Jumapili, 9 Machi

Siku ya majaribio. Mama mkwe alitandika gazeti mwenyewe, akapanga mipira mwenyewe, akavipapasa viungio kimoja kimoja kama anayepima mapigo ya moyo. Pampu ikawashwa saa mbili asubuhi. Maji ya buluu yakaanza kuzunguka. Mazuri! Nilisimama nikiyatazama kama baba mbele ya chumba cha uzazi. Kisha mama mkwe na mke wangu wakaenda kumjulia hali jirani aliyejifungua.

Saa sita gazeti lilikuwa na doa. Dogo, saizi ya kifungo cha shati, chini ya kiungio cha pampu. Nikasema ni jasho. Saa saba doa lilikuwa kubwa kama sahani ya kikombe.

Nikajikaza. Nikafunga kiungio kwa ule utepe mweupe wa mafundi bomba, raundi kumi na mbili. Nikatoa gazeti lililolowa, nikatandika kavu. Waliporudi jioni nilikuwa nimekaa kwenye kigoda cha jikoni nasoma, mtulivu.

Mama mkwe akainama pamoja na goti lake. Akatazama muda mrefu. Akasema asubuhi alitandika ukurasa wa matangazo ya vifo, alikuwa ameanza kuusoma, na sasa anaona ukurasa wa michezo.

Nikasema nimeugeuza ili kuwe na habari za kufurahisha.

Akasema, “Haya.” Haya tupu, bila kitu nyuma yake. Sikuipenda ile haya.

Jumatatu, 10 Machi

Nimefunga kila kitu ndani ya kompyuta. Imewaka! Nyuzi thelathini na sita! Kimya kama msikilizaji mwema. Nimetengeneza mianga ya mwisho ya hosteli, nimeweka wauguzi wawili wanaopita ukumbini.

Jioni mke wangu kaja na flashi, akasema anataka kunakili kazi ya hosteli. Nikamuuliza kwa nini. Akasema mama yake kamwagiza. Nikaona ni dharau, nikampa kisogo anakili.

Jumanne, 11 Machi

Saa nne asubuhi nimeiagiza itoe video. Imekadiria itachukua muda wa saa saba. Saa tano, nyuzi hamsini na moja. Saa saba, hamsini na mbili. Nimempigia Rula kumweleza. Nikamwambia najua sasa kwa nini alikuwa anajivuna. Akaniuliza kama nimebadilisha kile kiungio cha pampu.

Nikamuuliza kiungio gani.

Akasema ana mgeni, tutaongea.

Saa tisa na dakika ishirini, video imefika asilimia sabini na sita. Kukanukia kitu kama pasi iliyosahauliwa juu ya shati. Kisha tap! Skrini nyeusi. Ndani ya kasha, ambalo nililiacha wazi niyaone maji, mstari wa buluu ulikuwa unateremka polepole, unapita juu ya kadi ya picha, unadondoka sakafuni.

Nilipiga kelele. Sikumbuki nilisema nini. Mama mkwe alifika wa kwanza, akachomoa waya ukutani, akaniambia niondoe mikono. Mke wangu alisimama mlangoni. Hakunilaumu. Alisema tu kwamba kodi ya nyumba, dawa za mama, vyote vilikuwa vinaisubiri hosteli ile, na nilikuwa ninajua. Akaingia chumbani, akatoka na flashi, akavaa viatu.

Nikabaki na kitambaa, nafuta sakafu. Maji ya buluu hayatoki kirahisi kwenye saruji.

Jumatano, 12 Machi

Kompyuta ya shemeji, ile yenye feni iliyochakaa anayopigia muziki kibandani, imeitoa video yote bila kukohoa. Mke wangu aliipeleka mwenyewe kwenye kamati, na kaka yake akabeba projekta. Mimi niliambiwa nivae vizuri na nisieleze chochote cha kitaalamu.

Kamati imefurahi. Mwenyekiti ametaka kujua wale wauguzi wawili ni akina nani. Mkandarasi amenishika mkono, akasema kuna zahanati mbili zinakuja na ni zangu. Kisha akamwangalia shemeji, akasema ila video zitolewe kwenye mashine ya huyu bwana.

Nimefurahi. Nilimshukuru mke wangu njiani, kwa maneno, bila mzaha. Akaniambia nimshukuru mama yake. Nikasema nitafanya hivyo. Bado natafuta wakati mzuri.

Ijumaa, 14 Machi

Shemeji ameikausha kompyuta yangu kibandani kwake siku mbili. Kadi ya picha imekufa. Vingine vimepona. Leo ameileta, ameweka kadi ya kuazima, ameirudisha feni yangu ya zamani, ametoa maji yote. Tukawasha. Tukaipa kazi nzito. Nyuzi sitini na tatu, haipandi, haishuki.

Shemeji akakuna kichwa. Akasema feni ni ileile, prosesa ni ileile, chumba ni kilekile. Hizo tisini na nane zilitoka wapi?

Nikasema hali ya hewa imebadilika.

Mama mkwe akafungua mkoba wake. Akatoa karatasi ya nailoni iliyokunjwa mara nne, iliyooshwa, akaiweka mezani na kuilainisha kwa kidole. Alikuwa ndiye anayemwaga taka wiki ile, na ana mazoea ya kazi: kitu kilichofichwa hukitazama mara mbili. Ameniuliza kwa upole kama ninajua kusoma herufi kubwa.

Shemeji alicheka mpaka akashika kabati. Mke wangu hakucheka mwanzoni. Kisha akacheka na yeye, akalazimika kukaa, na kwa kuwa kiti hakuna alikaa sakafuni, juu ya alama ya buluu.

Nimekiri. Nimeomba radhi kwa wote watatu. Mama mkwe akasema kosa la nailoni ni la kila mtu, lakini la gazeti lilikuwa langu peke yangu. Amesema kweli. Nimeiandika hapa nisiisahau.

Jumatatu, 17 Machi

Wiki njema. Zahanati ya kwanza inakwenda vizuri. Feni inafanya kazi. Nyuzi sitini na tatu kila siku, hakuna jipya.

Nimetafakari sana yaliyotokea na nimeona wazi kosa lilikuwa wapi. Lilikuwa ni maji. Maji hupitisha umeme. Hakuna aliyeniambia jambo hili kwa msisitizo wa kutosha.

Sasa nimesoma kwamba kuna watu wanazamisha kompyuta nzima ndani ya mafuta. Nzima! Mafuta maalumu, angavu, hayapitishi umeme hata kidogo. Hakuna mipira. Hakuna kiungio. Hakuna cha kuvuja, kwa sababu kila kitu tayari kimelowa.

Jirani aliyejifungua ana beseni kubwa la kioo, sijui walikuwa wanafugia nini. Nimepita leo kumjulia hali mtoto. Nimepima kwa macho. Kasha linaingia.

Nimemuuliza mama mkwe, kwa mbali tu, kama idara ya maji iliwahi kushughulika na mafuta.

Amevua miwani, akamwita binti yake.