Neno Baya mu Karatasi ya Abigaïl

Siku ya kwanza, 3 mars
Abigaïl wangu anaenda Likasi! Kucheza jeu ya ubao, ya mfalme na dame, muke yake! Miaka kumi na mbili tu! Bon, haiko hakika bado. Nafasi ni moja. Monsieur Léonard wa club atachagua mwenye kujibu muzuri zoezi ya mwisho: dame yetu na pion yao moja, ile askari mudogo. Lakini mutaa yetu yote ya Kamalondo imeshajua. Nani aliambia bantu? Miye.

Siku ya pili, 4 mars
Mama Plamedie, jirani, anasema nafasi ni ya binti yake. Anachekea mu pua! Ati miye sijue hata jina ya jeu. Ninajua. Sitaitamka. Ile neno ilikuwa mu bulletin yangu ya masomo, ya mwaka wa tano, na bic nyekundu: Échec. Umeanguka. Sikurudi tena masomo.

Siku ya tatu, 5 mars
Abigaïl alienda kuchota maji. Nikafungua karatasi yake ya zoezi. Mungu wangu! "Dame inaenda pembeni, échec." Mutoto anajiandikia kuanguka! Na pion iko palepale, hakuna wa kuilinda! Nikafuta na gomme. Nikaandika: "Dame inakula pion." Chini nikaongeza: "Réussite." Umefaulu. Mwandiko muzuri, kabisa.

Siku ya ine, 6 mars
Zéro! Monsieur Léonard anasema ukikula ile pion, mfalme wao anakosa pa kukanyaga. Inaitwa pat, hakuna mushindi. Hana pa kwenda, na hajashindwa! Baba Abigaïl iko vile tangu tuoane. Abigaïl alilia, akaapa hakuandika vile, aliandika dame imutishe mfalme wao. Mama Plamedie akaniita Mama Réussite, mbele ya bantu. Abigaïl akauliza nani aligusa. Nikakimbilia jikoni. Bukari ilikuwa mu moto.

Siku ya tano, 7 mars
Monsieur Léonard ameona alama ya gomme. Amempa zoezi ingine, kurudisha kesho asubui. Abigaïl hanisemeshi. Karatasi ameificha ndani ya Biblia yangu, anafikiri siifunguake. Nimeikuta. Échec mara tatu! Maskini, amekata tamaa, mutoto wangu.
Ile gomme ya zamani ilichafua. Nimenunua ya nyeupe, haiachake alama.
Mama Plamedie, lete kiti yako mwenyewe. Michopo ya mbuzi na munkoyo ya kunywa kwangu, kufurahia Likasi, bantu bote: siku ya yenga, kisha misa ya pili.