Uwanja wa Mteremkoni

Jumatano, 1 Machi 1995

Jumatano ya Majivu. Wanafunzi karibu wote wametoka kanisani na alama ya kijivu kwenye paji la uso. Mimi ni Mlutheri kutoka Moshi. Nimebaki na paji tupu na muda wa kufikiri.

Mkuu wa shule, Mwalimu Joakim, ameniita ofisini. Alizungumza kwa upole, na upole wake hunitia hofu kuliko ukali wa wengine. Alisema wanunuzi binafsi wa kahawa wamefika hadi vijijini, bei imepanda, kila mwenye kipande cha ardhi anakitazama upya, na shule nayo inatakiwa ijilishe. Uwanja wa michezo umekaa bure. Vipindi viwili vya Elimu ya Viungo kwa wiki, kwa maoni ya baadhi ya walimu, navyo vimekaa bure.

Baadhi ya walimu ni Mwalimu Kilian. Anafundisha Kilimo. Mzaliwa wa Maguu, huku huku milimani, mtaratibu, mwenye tabasamu ambalo sijawahi kulielewa.

Uamuzi ni huu. Alhamisi ya wiki ijayo anakuja mkaguzi, Bwana Rodrick. Akiona somo halisi la viungo kwenye uwanja halisi, vipindi vyangu vinabaki. Asipoona, vipindi na uwanja vinakwenda Kilimo. Chuo kikuu nilisoma Historia na Elimu ya Viungo. Historia itajitetea yenyewe. Viungo havina mtetezi mwingine isipokuwa mimi.

Nina mpango. Sitamwambia mtu.

Alhamisi, 2 Machi

Shule haina chokaa ya kuchorea mistari. Uwanja wenyewe uko mteremkoni, na nyasi zimefika kiunoni. Wengine wangeona matatizo mawili. Mimi nimeona kwamba moja ni dawa ya jingine. Tufyeke nyasi, kisha tuzilaze chini kwa mistari, mingine ya kushuka, mingine ya kukatiza, hadi mteremko wote uwe miraba. Kila mraba uwe kituo cha zoezi. Hapa kuchuchumaa, hapa pushapu, hapa kuruka kichura.

Kidato cha tatu walipewa kazi hiyo leo. Niliwaambia wasiulize ni ya nini na wasiseme popote. Walitazamana. Kisha wavulana wakafyeka kwa ari ambayo sijapata kuiona katika somo langu! Hawakuhitaji kamba wala kipimo. Mimi nilikuwa nimekusudia miraba mikubwa. Wao walilaza midogo, wakanieleza kwa heshima kwamba midogo ndiyo hudumu. Nilikubali. Yamkini mraba mdogo huleta nidhamu.

Natalia, msichana mwenye mbio kuliko wote shuleni, aliuliza kama wasichana waanze sehemu yao. Nilimjibu kwamba sehemu ya wasichana itakuja kwa wakati wake. Aliridhika kabisa. Inatia moyo kuona vijana wanaoelewa mgawanyo wa vituo kabla ya kuelezwa.

Jioni Kilian alipita. Alisimama, akatazama kwa kitambo. Akasema hakujua kwamba watu wa Moshi wanaiweza kazi hii. Kisha akauliza kama mbegu ninayo.

Kejeli! Nilimjibu, kwa ukali uliopimwa, kwamba mwenye nia njema hutoa, haulizi. Akasema haya, amesikia. Akaondoka akitabasamu. Nadhani nimemshinda. Lakini huwa nadhani hivyo mara nyingi.

Jambo la pili. Wazazi wanaolipia sehemu ya ada kwa nguvu kazi, karibu wote akina mama, huja Jumamosi ya kwanza ya mwezi, na daima huishia kwenye bustani ya Kilian. Nimemshawishi Mkuu safari hii waje uwanjani, wachimbie nguzo mbili za mpira wa wavu. Mkuu aliuliza awaambie ni kazi gani. Nilimwomba asiseme neno. Nitawaeleza mwenyewe nikiwa papo hapo. Siri inayojulikana na watu wawili tayari ni tangazo.

Ijumaa, 3 Machi. Lituhi

Nimeshuka Ziwa Nyasa kwa lori la mahindi kutafuta wavu. Nyavu za mpira hazipatikani mlimani. Nyavu za samaki zimejaa pwani yote hii. Sioni tofauti kubwa ya kinadharia.

Mzee Florian alikuwa mchangani akishona nyavu zake. Nilimwamkia shikamoo, nikaeleza haja yangu. Wenzake waliacha kazi ili wasikilize vizuri. Mmoja aliniuliza kule juu tunavua samaki gani. Mwingine akasema mwacheni mama wa watu, huenda anavua wanafunzi. Nilicheka pamoja nao, kwa kuwa sikuwa na njia nyingine.

Mzee Florian alikubali kunipa wavu mkuukuu wa usipa, vile visamaki vidogo vya ziwa hili, lakini kwa kubadilishana. Alichotaka ni filimbi yangu iliyoning'inia shingoni. Alisema ukungu ukishuka, watoto wake hawamsikii akiwaita. Filimbi hiyo nimekuwa nayo tangu chuo. Nilisitasita. Kisha nikajiambia kwamba uwanja usio na wavu si uwanja, ilhali mwalimu asiye na filimbi bado ana mikono ya kupiga makofi.

Hoja ilionekana nzito pale ufukweni. Sasa nina mashaka nayo kidogo.

Wavu unanuka. Dereva ameniomba nikae nyuma nao. Anasema tutafika alfajiri.

Jumamosi, 4 Machi. Njiani

Hatujafika. Mvua usiku kucha, lori limezama kwenye tope mpaka ekseli. Dereva anachimba. Mimi nimekaa juu ya wavu.

Nawafikiria akina mama walioitwa uwanjani. Bila shaka wamefika na majembe, wamekuta nyasi zimelazwa, hakuna mtu wa kuwaelekeza. Watakuwa wamekaa pembeni siku nzima, maskini, wakisubiri. Nimewahurumia sana kwa kukaa bure.

Jumatatu, 6 Machi

Hawakukaa bure.

Nimesimama juu ya uwanja asubuhi hii na sikuuona uwanja. Mteremko mzima, kuanzia juu hadi kwenye mtaro, ni mashimo. Mashimo mazuri, yanayolingana, kila moja limezungukwa na matuta kama sega la nyuki. Ngolo! Nimeziona kwenye kila kilima tangu nihamishiwe wilaya hii. Nimezisifia hata kwenye barua kwa dada yangu. Huzuia maji yasishuke na udongo. Sikuwahi kujiuliza zinaanzaje.

Sasa najua. Zinaanza kwa wanaume kufyeka nyasi na kuzilaza chini kwa miraba, mwezi wa tatu. Kisha wanawake huja na majembe, huchimba katikati ya kila mraba, na udongo huufunika juu ya nyasi ziwe matuta. Ndani ya matuta hupandwa maharage. Anayelaza nyasi zake namna ile, kisha akawaita akina mama na majembe, amekwisha kusema yote. Hana haja ya kuongeza neno.

Mbegu alizitoa Mwalimu Kilian kwenye stoo ya shule. Alinieleza kwamba nilimwambia mwenye nia njema hatauliza.

Nilimwita Natalia. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia nyasi zile zingegeuka nini. Alitazama chini, akajibu kwa adabu kwamba nilikuwa nimewakataza wasiulize na wasiseme. Akaongeza kwamba walifurahi. Walidhani mwalimu wa viungo ameamua kuwa mtu wa huku.

Mkuu naye aliona. Amesema tu kwamba mkaguzi atafika Alhamisi.

Jumanne, 7 Machi

Nimekwenda nyumbani kwa Mama Kunigunda, mama yake Natalia, kiongozi wa wale akina mama. Nilimkuta akipepeta mahindi. Nilimwomba awaite wenzake wafukie mashimo kabla ya Alhamisi.

Aliweka ungo chini. Akaniambia, mwanangu, shambani kwa wenzio ungesema hivyo ungekimbizwa na mbwa. Kufukia ngolo yenye mbegu! Hata mume wake alipolewa mwaka ule hakuwahi kuleta wazo kama hilo. Alicheka mpaka akashika kiuno, nami nikajikuta nikicheka.

Isitoshe, hawana nafasi. Kwaresima hii kila Mkristo anabeba jiwe moja kila Ijumaa baada ya Njia ya Msalaba, kwa ajili ya kujenga kigango, kanisa dogo la huku juu, ili wazee wasishuke mpaka parokiani. Mawe wanayarundika kando ya barabara. Nilimuuliza kigango kitajengwa wapi. Alisema Padre Methodi bado anatafuta mahali tambarare. Jiwe hubebwa kwanza, kiwanja Mungu atakionyesha mwenyewe.

Nilimwambia huo si upangaji mzuri wa kazi. Aliniangalia, akaangalia kuelekea uwanjani kwangu, akaendelea kupepeta.

Njiani nilipata wazo. Kama uwanja hauwezi kuwa wa viungo, basi viungo viwe vya uwanja huo. Sitamwambia mtu mpaka siku yenyewe.

Alhamisi, 9 Machi

Bwana Rodrick amekuja. Mtu wa Dodoma, mrefu, wa maneno machache. Alipouona mteremko alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Nilipiga makofi kwa kukosa filimbi. Kidato cha tatu wakajipanga juu. Niliwaelekeza waruke kutoka shimo hadi shimo, miguu yote miwili, mgongo wima, mpaka chini. Mara nikasikia sauti nyuma yangu. Mama Kunigunda! Alikuwa amekuja kuangalia mbegu alizopanda, jembe begani, na alitangaza mbele ya mkaguzi kwamba atakayekanyaga tuta ataliwa yeye badala ya maharage.

Roho ilinitoka. Lakini wanafunzi walimwamini kuliko walivyowahi kuniamini mimi. Hakuna aliyekanyaga tuta! Magoti yalipanda juu, mashimo yakarusha maji ya mvua, kila mmoja alihesabu pumzi yake. Mama Kunigunda alitembea pembeni akikemea: "Wewe Benno, inua mguu, si nguruwe wewe!" Natalia alishuka wa kwanza akiwa mkavu kuanzia magoti kwenda juu. Mteremko mzima ulikuwa ukicheka na kuhema. Kwa kitambo kidogo nilisahau kwamba nilikuwa nakaguliwa.

Bwana Rodrick aliuliza yule mwamuzi msaidizi amepata mafunzo wapi. Kisha akauliza uwanja huu umebuniwa na nani.

Mkuu alitazama viatu vyake. Hapo Kilian akajibu kwamba aliyebuni ni Mwalimu Loveth, yaani mimi. Nyasi zililazwa kwa maagizo yake. Yeye alitoa mbegu tu.

Ilikuwa kweli, kila neno.

Ijumaa, 10 Machi

Vipindi vyangu vimebaki! Vyote viwili. Mkaguzi ameagiza pia kwamba uwanja usiguswe na mtu yeyote mpaka maharage yavunwe, kwa kuwa ni zana ya kufundishia.

Wavu hauna tena pa kusimama. Mama Kunigunda ameuomba, akautandaza upande wa chini kuzuia kuku. Harufu ya usipa imeleta paka wa kijiji kizima, na paka wameondoa panya. Kilian amenishukuru rasmi. Nilimkabili, nikamuuliza kama alijua tangu mwanzo. Akasema, kujua nini?

Inawezekana nimemdhania vibaya. Inawezekana pia kwamba hivyo ndivyo hasa alivyotaka nidhani.

Natalia alibaki baada ya kipindi. Alisema kwa sauti ndogo kwamba ingetosha tu kuwaambia akina mama siku ile kwamba ni uwanja wa michezo. Wangechimbia nguzo, wakarudi nyumbani kabla ya mchana. Nimelitafakari wazo lake jioni nzima, kwa haki. Lina mvuto wa mambo mepesi.

Jumatatu, 20 Machi

Nimefikia hitimisho, ingawa huwa nayatilia shaka mahitimisho yangu. Kosa halikuwa siri. Kosa lilikuwa nyasi. Nyasi hufasirika. Jiwe halifasiriki, jiwe ni jiwe.

Kando ya barabara kuna kipande cha ardhi ya shule kisichofaa kwa kahawa, tambarare kama meza. Wiki iliyopita, peke yangu, nimepanga humo mawe kwa mstatili mrefu, ulionyooka vizuri. Uwanja wa netiboli. Sijamwambia Mkuu, sijawaambia wanafunzi, na hasa sijamwambia Kilian.

Jambo la kushangaza ni kwamba mawe yameongezeka. Tangu Ijumaa mistari yangu imenyanyuka mpaka karibu na goti, na pembe zimetiwa udongo. Sikumwomba mtu! Nilianza kuamini kwamba watu wa huku hawana moyo wa michezo, nakiri nilikosea. Jana baada ya Misa Padre Methodi alisimama hapo na kundi la waumini, akavua kofia, akabariki. Mama Kunigunda alinishika mikono yote miwili, akasema alijua Mungu atatumia mtu, ila hakudhani atatumia Mlutheri. Niliguswa sana. Sikutegemea netiboli ingepokelewa hivyo.

Leo Kilian alipita. Alisimama, akatazama kwa kitambo. Akasema kazi safi, Mwalimu. Kisha akauliza mlango nitauelekeza upande gani.

Mlango! Katika uwanja wa netiboli! Nilimhurumia. Ni mtu wa Kilimo, hawezi kujua. Nilimjibu kwamba mahali pa mlango nawaachia wenye nia njema, nikaenda zangu.