Siri ya Dobi wa Ng'ambo

Doa lilikuwa dogo kama punje ya mtama, juu ya mfuko wa koti jeusi, pale muhuri ulipovuja wino. Bwana Kifungu alilipeleka kwa dobi asubuhi. Mchana akarudishiwa likiwa na ukubwa wa sahani. Mwingine angegomba. Yeye alitazama kwanza. Henga za kutundikia nguo zilining'inia tupu kama mbavu za punda mzee, na bosi wa dobi alikuwa dirishani, akiikodolea macho foleni ya ng'ambo ya barabara kama fisi akodoleavyo mkono wa mtu.

"Yule mama alikuwa mfanyakazi wangu," bosi alilalama. "Miaka tisa! Kaondoka, kafungua kibanda, wateja wote kawabeba. Hakuna doa linalomshinda."

Kifungu akalisahau koti. Niseme mapema kwamba hakuwa wakili. Uwakili wake wote ulikuwa lile koti, muhuri aliochongewa na fundi viatu, na bunda la fomu alizotoa nakala dukani. Fomu zilianza na "Kwa kuwa", naye, kama waheshimiwa wengi, hakuwahi kuvuka hapo.

"Alisaini mkataba wa kutofanya kazi kama yako?"

"Alisaini daftari la mahudhurio."

"Na wa kutunza siri?"

"Siri gani?"

"Ya madoa, mzee wangu! Siri ni yako, kaondoka nayo."

Bosi akavimba. Kuna raha yake mtu kuambiwa ameibiwa kitu ambacho hakuwahi kuwa nacho. Akalipa hapo hapo.

"Mfungie kibanda. Na hiyo siri yangu uniletee, maana mwenyewe siijui."

Kuvuka barabara ni hatua ishirini. Katika hatua hizo Kifungu alikwisha kuiuza siri ile kwa kila dobi wa mjini na kununua gari.

Mama Dobi alikuwa ameinamia beseni la mashuka. Kibanda kile, ambacho bati moja lilikuwa halijapigiliwa, ndicho jasho lake lote la miaka tisa.

"Mama, sheria imekujia kutoka kwa bosi wako wa zamani. Usaini hapa, au kibanda kinafungwa leo."

Alikausha mikono, akasoma fomu. Yote. Akaigeuza nyuma akasoma na huko. Kifungu alistaajabu, hakujua kama nyuma kuna maandishi.

"Nisitoe siri, sawa. Ipi? Hapa pako wazi."

"Ya madoa."

"Iandike basi, nijue ninachokatazwa."

Kifungu akaitazama kalamu, kalamu ikamtazama.

"Nitajie wewe, mama, niandike."

"Nikutajie wewe usiyefungwa na chochote? Si wewe mtu wa sheria, baba? Siri hutolewa bila mkataba?"

Hoja ilikuwa nzito, na la kuudhi zaidi, ilikuwa hoja yake mwenyewe. Akatoa fomu ya pili. Mama akajaza mapengo taratibu, fundi cherehani wa jirani akaitwa kushuhudia. Kifungu akasaini kwa mikogo, akagonga muhuri mara mbili, maana siri ilikuwa inamwasha masikio.

"Haya, sema."

Mama akamnong'oneza: "Kabla sijatia maji, namuuliza mwenye nguo kilichomwagika."

"Halafu?"

"Halafu naosha."

"Basi?"

"Basi. Bosi miaka tisa hakumuuliza mteja kitu. Yeye ni kuchemsha tu. Fundi, hebu tusomee."

Fundi akatema pini, akasoma: "Mwajiri, Mama Dobi. Mfanyakazi, Bwana Kifungu. Kazi anayokatazwa mjini humu miaka mitatu: uwakili, ushauri na kuuza fomu. Siri hatamwambia mtu yeyote, hasa bosi wa ng'ambo."

Kifungu aliruka. "Mkataba huu hauna nguvu! Ni karatasi tu!"

"Paza sauti, baba, bosi akusikie. Si umemuuzia karatasi hiyo hiyo sasa hivi?"

"Nitakushtaki!"

"Twende. Wataanza kwa kukuuliza ulisomea wapi."

Kifungu akakwapua bunda lake la fomu aondoke. Na bosi huyoo, kashavuka barabara.

"Wakili! Siri yangu umeipata?"

"Nimeipata."

"Niambie."

Kifungu alimtazama mama, akautazama muhuri wake mwenyewe, wino bado mbichi.

"Siwezi. Nimesaini."

"Umesaini na nani?"

"Hilo nalo siwezi."

Bosi akamkunja ukosi, akachukua fedha yake yote aliyolipa, na bunda la fomu juu yake, fidia ya usumbufu. Kifungu akabaki amesimama, koti limempinda begani.

Mama Dobi akamhurumia. "Livue hilo, baba. Kilimwagika nini?"

"Wino. Wa muhuri."

"Ungesema mapema," akasema, akalipokea.

Bosi alikuwa pale pale, hatua mbili tu. Alisikia kila neno, akakumbatia fomu zake, akarudi zake dukani kuchemsha.