Saini Hamsini Bila Kufungua Mdomo

Jumanne, 26 Mei

Leo Babu kanitia kitanzini. Mbele ya chama kizima!

Ulikuwa mkutano wa walenga shabaha wa kijiji chetu, Galmisried. Wanachama kumi na tisa, mbwa mmoja. Mwenyekiti wetu, Bwana Werro, alisoma sheria mpya iliyopitishwa na bunge kule Bern. Wenye bunduki za zamani waombe kibali upya. Risasi za vyama vidogo zisilale tena kijijini, zihamie ghala la wilaya, mwendo wa nusu saa kwa gari. Wote wakamgeukia Babu. Babu ndiye mtunza risasi wetu, mwaka wa arobaini na moja huu. Ufunguo wa kabati la risasi huuvaa shingoni, hata akienda kuoga. Sheria ikianza kazi, ufunguo ule utafungua nini?

Dawa ipo. Zikipatikana saini elfu hamsini nchi nzima, sheria haianzi mpaka wananchi waipigie kura. Chama chetu kimeahidi mia moja. Mwisho Ijumaa ya wiki ijayo, saa tano asubuhi, mezani kwa karani. Cyrill Johner akaruka na kusema hamsini ataleta yeye. Cyrill ana miaka kumi na saba na mdomo kama cherehani. Babu akasema, bila hata kunitazama, kwamba hamsini zilizobaki ataleta Livia.

Livia ni mimi. Miaka kumi na sita. Sijawahi kuagiza hata aiskrimu kwa sauti. Shuleni tunasoma kwa Kijerumani na kwa Kifaransa, kwa hiyo nanyamaza vizuri katika lugha zote mbili.

Cyrill akauliza kama Bubu atakusanya saini kwa kukonyeza watu. Vicheko. Babu akashika ufunguo wake, akasema yeye neno lake limeshatoka na halirudi.

Mpango: saini hamsini, bila kufungua mdomo. Inawezekana. Lazima iwezekane.

Jumatano, 27 Mei

Mpango wa kwanza. Duka la jibini. Kila mtu hupita pale.

Karatasi juu ya kaunta. Kalamu kwa kamba. Bango la lugha mbili, herufi nyekundu: OKOENI UFUNGUO. Mimi mwenyewe nyuma ya friji ya maziwa, nikichungulia. Baridi kali! Vidole viligeuka zambarau.

Matokeo baada ya saa mbili: mama mmoja kaandika "mtindi vikombe vinne, siagi moja". Mtoto kachora ng'ombe mwenye ndevu. Kalamu imetoweka na kamba yake. Na kwa kuwa sikueleza ni ufunguo upi unaookolewa, watu wema wameacha kwenye kaunta funguo nne walizookota barabarani.

Saini: sifuri. Funguo: nne.

Ijumaa, 29 Mei

Asubuhi Mama na Babu walivutana tena kuhusu sheria, mkate ukiwa mezani. Mama ni muuguzi, na sheria mpya anaiunga mkono waziwazi. Babu alimuuliza kama siku hizi anamwona baba yake mzazi kuwa jambazi. Mama akajibu hapana, anamwona mzee mwenye siagi kwenye masharubu. Halafu akasema, kwa upole, kwamba waliopigwa risasi huletwa kwake hospitalini, wake zao wakilia nyuma, hawaletwi chamani. Babu alichukua kisu. Alimkatia kipande cha mkate, kile cha mwisho chenye ganda gumu anachokipenda Mama.

Mimi nilitazama uji wangu. Sina msimamo mbele ya watu wawili.

Mpango wa pili: Bäri. Mbwa wetu, mkubwa kama kabati, kipenzi cha kijiji. Nilimfunga ubao wa karatasi shingoni, kalamu begani, nikamwachia mbele ya kanisa. Kila aliyemwona alicheka, akainama, akasaini! Nilihesabu sita kutoka nyuma ya ukuta. Sita!

Kisha mchinjaji akafungua duka.

Bäri alirudi ananukia soseji. Ubao upo. Karatasi ameila. Cyrill alipita na baiskeli, akauliza kama mbwa amesharidhia sheria au bado anaitafakari tumboni.

Jumapili, 31 Mei

Ushindi! Ushindi! Nimeandika mara mbili kwa sababu ni wa kweli.

Ilikuwa siku ya shindano la mashambani. Watu wa vijiji sita huja kwenye uwanja wetu, risasi kumi na nane kila mmoja, shabaha mita mia tatu, halafu soseji. Na kuna desturi moja ambayo hakuna mtu anayeitilia shaka: huondoki uwanjani kabla ya kupita mezani kwa Babu. Maganda yako yanahesabiwa. Risasi zilizobaki zinarudishwa. Hesabu ikikosa hata moja, hata kama wewe ni mwenyekiti, unapiga magoti kwenye nyasi na kutafuta.

Nikajiuliza: kwa nini nihangaike kuwafuata watu, wakati watu wote wanapanga foleni mbele ya Babu?

Nikakaa kando yake. Wakati anahesabu maganda, mimi nasukuma ubao na kalamu. Basi. Wanasoma, wanaitikia kwa kichwa, wanasaini. Bibi mmoja wa kijiji cha pili alisema hii ndiyo foleni ya kwanza maishani mwake yenye faida. Bwana Werro alitia saini yake yenye mkia mrefu kama wa panya. Sikusema neno hata moja!

Tisini na tatu!

Nami nimepata pointi sitini na moja na beji. Cyrill kapata hamsini na tisa. Nilimwonyesha beji kwa kujikohoza.

Jumatatu, 1 Juni

Nataka kufa. Kidogo tu, mpaka Jumamosi.

Nilimwonyesha Cyrill karatasi zangu ili aumie roho. Akasoma mistari mitano. Akaanza kucheka hadi akakaa chini. Juu kabisa ya kila karatasi, pale nilipobana kibanio cha ubao, imeandikwa: wanaosaini karatasi moja wawe wakazi wa kijiji kimoja. Kijiji kimoja, karatasi moja! Kila karani hukagua watu wake kwenye daftari la wapigakura. Katika nchi hii hata mtoto wa chekechea analijua hilo. Mimi nimechanganya vijiji sita kama jibini kwenye sufuria.

Cyrill akasema: "Dada, wa hapa kwetu karani anaweza kukuokolea. Hebu tuhesabu." Tukahesabu. Wa Galmisried: kumi na wanne.

Kumi na wanne si hamsini. Neno la Babu ni hamsini.

Lakini nina akili. Nimechukua karatasi sita safi, moja kwa kila kijiji, na kunakili majina yote kwa mwandiko mzuri. Na saini pia. Si uongo, watu wenyewe walisaini kweli, mimi nimewahamisha tu. Mkia wa panya wa Bwana Werro ulinichukua majaribio kumi na moja. Zile za zamani nimezichoma kwenye jiko la Babu, zisije zikaleta maswali.

Kazi safi sana.

Jumanne, 2 Juni

Nilitumbukiza karatasi zote kwenye sanduku la barua la ofisi ya kijiji, ili nisionane na mtu. Bi. Helfer, karani wetu, ndiye angezigawa kwa wenzake.

Baada ya robo saa simu ikalia nyumbani. Bi. Helfer anamtaka Livia. Na babu yake.

Alizipanga karatasi mezani. Akasema amekuwa karani miaka ishirini na sita na hajawahi kuona watu tisini na tatu waliosoma kwa mwalimu mmoja wa mwandiko. Akauliza kama najua kughushi saini ni kosa la jinai. Nilifungua mdomo. Hakikutoka kitu, si kwa Kijerumani wala kwa Kifaransa.

Bi. Helfer akanitazama sana. Kisha akazikusanya karatasi, akazisukuma kwangu. "Sijagonga muhuri, mwanangu, kwa hiyo sijapokea kitu. Na leo nimesahau miwani nyumbani." Miwani ilikuwa puani pake.

Babu hakunikaripia. Ingekuwa nafuu. Tulipofika nyumbani aliuvua ufunguo, nami sijawahi kumwona akiuvua, akauweka mezani kati ya vikombe. Akasema hivi: "Nikisema kabatini mna risasi mia nne na themanini, hakuna anayekwenda kuhesabu nyuma yangu. Huo ndio ufunguo wenyewe, mjukuu wangu. Huu wa mezani ni chuma tu. Siku nitakayoandika hata moja isiyokuwepo, waliotunga sheria watakuwa wamesema kweli, na mimi mwenyewe nitawapelekea kabati."

Nikajiuliza zile kumi na nne halali ziko wapi. Ziko jikoni. Majivu.

Saini: sifuri. Siku: mbili na nusu. Babu alisema kijiji kina milango, na milango ina kengele. Hakuuvaa ufunguo. Bado uko mezani.

Jumatano, 3 Juni

Nimekwenda na Bäri, baada ya shule. Bila yeye nisingevuka hata barabara.

Mlango wa kwanza, Bwana Mäder, mfuga nyuki. Nilibonyeza kengele nikakimbia. Bäri hakukimbia. Kwa hiyo nilirudi kumchukua mbwa, na Bwana Mäder alikuwa keshafungua. Nikasema kila kitu kwa pumzi moja, sheria, kabati, babu, samahani, kwaheri. Kwa Kifaransa! Bwana Mäder hajui Kifaransa hata cha salamu. Akasema hajaelewa kitu ila ameona uso wangu, na mtu mwenye uso huo hawezi kuwa anauza mashine za kufagia. Nikarudia kwa Kijerumani. Akasaini. Akanipa asali.

Mlango wa pili: amesaini. Wa tatu: alikataa. Akasema anaitaka sheria hiyo na nisichukie. Sikuchukia. Akanipa kahawa na keki. Wa nne akaniweka nusu saa nzima akinisimulia alivyokosa beji mwaka ambao mke wake alimfungia miwani isiyo yake. Wa tano nilisahau kuondoka.

Kumi na tisa kabla ya chakula cha jioni! Tumbo limejaa keki. Sauti imekauka. Sikujua sauti hukauka ikitumika.

Alhamisi, 4 Juni

Milango thelathini na minane. Bäri amepewa soseji kwenye sita kati ya hiyo. Wawili walisema hapana, watano hawakuwepo, mmoja alinifundisha kucheza karata.

Kijana wa kiwanda cha sukari alisema hana bunduki wala haitaki, lakini risasi zikienda wilayani babu yangu atahesabu maganda ya nani? Babu ataanza kuhesabu kuku wa majirani. Akasaini.

Nimehesabu mara tatu. Arobaini na tisa. Arobaini na tisa! Kijiji kimeisha. Mimi sisaini, sijafika miaka kumi na nane. Babu alisaini kwenye karatasi ya Cyrill siku ya kwanza kabisa. Nilimtazama Bäri. Hapana. Nimeshaonywa kuhusu kughushi.

Ijumaa, 5 Juni

Saa nne na nusu. Mama alirudi kutoka zamu, akanikuta jikoni nimekaa mbele ya ufunguo na karatasi. Nilipaswa kuwa shuleni, lakini nilikuwa nahesabu majina tena.

Akauliza imepungua ngapi. Nikasema moja. Akavuta karatasi, akasoma kila mstari kama anavyosoma dozi ya mgonjwa. Akaomba kalamu.

Nikamwambia Mama, wewe unaitaka sheria! Akasema anaitaka, na anataka ishinde mbele ya watu wote, mchana kweupe, si kwa sababu kijiji kimoja kilipungukiwa na jina. "Acha ipigwe kura. Halafu mimi nitamchapa baba yangu kwa kura, na yeye anajua."

Babu alikuwa mlangoni. Akasema tutaona nani atamchapa nani.

Mama akasaini. Hamsini!

Babu akautia ufunguo mfukoni, tukakimbia wote watatu, na mbwa. Saa tano kasoro dakika nne. Bi. Helfer akafuta miwani, akakagua hamsini zote dhidi ya daftari, moja moja, akagonga muhuri. Pa! Babu alitoa ufunguo mfukoni, akauvaa. Kwa sasa, alisema. Mpaka siku ya kura.

Cyrill ameleta hamsini na moja. Moja zaidi! Moja!

Jumapili, 7 Juni

Nimetulia, nimefikiri, nimeelewa nilichojifunza wiki hii. Ni mbwa. Watu hawakusaini kwa sababu ya maneno yangu, maneno yanachosha watu tu. Walisaini kwa sababu ya Bäri. Kwa hiyo kampeni ya kura nitaiendesha kwa mbwa peke yake, na kikapu cha vipeperushi, Jumatatu mchinjaji anapofunga. Sitafungua mdomo hata mara moja. Mpango hauna tundu.

Imebaki kazi moja. Babu ameniambia nipite tena kila nyumba, nishukuru. Nyumba arobaini na tisa! Kwa sauti! Nimepata njia fupi zaidi. Nimeandika kadi arobaini na tisa nzuri sana, nitazitumbukiza kwenye masanduku kabla watu hawajatoka kanisani. Shukrani zimetoka kwa Babu mwenyewe, ndivyo inavyofaa.

Saini yake imenichukua majaribio manne tu. Imetoka nzuri kuliko yake.