Kadi Arobaini za Kipaimara cha Aikande

Jumanne, 12 Novemba 2002

Leo nimeingia kwenye intaneti. Mimi, mshona sare wa Kaloleni, niliyeishia darasa la saba. Bado sijatulia.

Nilimsindikiza huko binti yangu Aikande, wa kwanza darasani mihula mitatu mfululizo. Sijisifu, ripoti iko ukutani, kila mgeni anaisoma. Diana, mwenye intaneti kafe, akanionyesha kadi zinazotumwa kwa kompyuta. Unachagua picha, unaandika maneno, unabonyeza. Maua yanafunguka yenyewe. Malaika anapuliza tarumbeta. Nikashika kifua. Na kadi yenyewe bure kabisa! Nikamwuliza Diana nani anamlipa huyo malaika. Hajui.

Jumapili ya tarehe 24 Aikande anapata kipaimara. Jirani yangu Hedwiga alimfanyia mwanawe mwaka jana, kwa kadi za mwaliko za maandishi ya dhahabu, na mpaka leo anazitaja kila tukikutana bombani. Sasa dhahabu inapuliza tarumbeta?

Alhamisi, 14 Novemba

Pigo. Kumbe mtu hapati kadi mpaka awe na anwani ya barua pepe. Wageni wangu ni arobaini. Mwenye anwani hata mmoja hakuna.

Nimelimaliza. Anwani nazo ni bure, kwa hiyo nimewafungulia mwenyewe, wote arobaini. Neno la siri moja, jina la mwanangu. Vidole vinauma kuliko siku ya kutia vifungo. Kadi zimekwenda. Nimemfungulia hata shemeji Elihuruma wa Kikwe, kaka mkubwa wa mume wangu, ambaye kwake taa ni ya chemli.

Baba Aikande akauliza nakwenda lini Kikwe kumpa kaka yake taarifa. Kwao baba mkubwa ndiye anayembariki mtoto na kukata ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, na asipoambiwa ana kwa ana ni ugomvi. Nikamwambia taarifa iko hewani tayari. Akatazama juu.

Jumatano, 20 Novemba

Wasiwasi ulinishika. Je, zimefika? Nikaingia kwenye sanduku la kila mtu, moja moja, nikafungua kadi, nikaangalia. Zote zimefika, malaika mzima.

Kisha nikarudi kwenye sanduku langu. Nusura nianguke kitini. Ujumbe arobaini, kila mmoja unasema mgeni wako ameifungua kadi yako. Hedwiga ameifungua. Shemeji Elihuruma ameifungua leo saa nne na dakika kumi asubuhi, wakati wa kupalilia! Sikujua Kikwe wameendelea kiasi hicho.

Aikande akasema kwa upole kwamba huenda aliyezifungua ni mimi. Ana akili sana huyu mtoto, lakini bado ni mtoto. Nimeagiza chakula cha watu arobaini na ndafu juu.

Bombani nikamkonyeza Hedwiga. Akaniuliza kama jicho linaniuma. Anajua kujifanya yule.

Jumapili, 24 Novemba

Kanisani Aikande alijibu maswali yote bila kumeza mate. Nililia mpaka waliokaa mbele wakageuka.

Saa nane, turubai tayari, viti arobaini vitupu. Saa tisa, vitupu. Saa kumi, kuku amepanda kimoja. Ndafu yuko mezani na majani mdomoni, ananitazama. Mwanangu kakaa peke yake na gauni jeupe nililomshonea, ananiambia usijali mama, mimi nitaanza na soda. Hapo ndipo nilipoumia.

Hedwiga akachungulia uani, akauliza msiba ni wa nani. Nikamwambia aache maigizo, kadi kaifungua Jumatano. Akajibu mbele ya mpishi kwamba kadi anayoijua yeye mtu anaishika mkononi. Tukapandishiana. Mwisho akamwangalia Aikande, akakaza kanga kiunoni, akaenda kubisha hodi nyumba kwa nyumba akitangaza pilau. Wakaja watu sitini. Wengi siwajui. Walicheza na mwanangu, akacheka. Nitamshukuru Hedwiga. Si wiki hii.

Ila ndafu hajakatwa. Wa kukata hayupo.

Jumanne, 26 Novemba

Shemeji kaja mwenyewe. Habari kaipata sokoni, kwa muuza vitunguu. Nikamwamkia shikamoo mara tatu. Marahaba hata moja.

Nikamweleza kwamba barua iliingia kwenye sanduku lake. Akasema sanduku analo moja tu, nalo lina mbegu za mahindi, na jana alilifungua. Kisha akatamka kwamba Aikande hatapata baraka yake mpaka mimi niende Kikwe kuomba radhi mbele ya wazee. Akaondoka bila kugusa chai. Mwanangu, wa kwanza darasani, bila baraka ya baba yake mkubwa! Nimeshona mikono miwili ya kushoto kwenye shati moja.

Jumamosi, 30 Novemba

Nimekwenda Kikwe na Aikande. Nimepiga magoti kwenye tope na sketi yangu ya sherehe, wazee saba wakitazama. Shemeji akaniacha hapo mpaka magoti yakafa ganzi. Kisha akamwita Aikande, akamwekea mkono kichwani, akambariki akitaja ukoo jina kwa jina mpaka kwa babu zao. Mtoto alilia. Mimi nililia zaidi.

Halafu adhabu. Desemba kuna mkutano wa ukoo. Wazee wamesema taarifa nitaipeleka mimi, kwa miguu yangu na mdomo wangu, nyumba kwa nyumba, kuanzia hapo Kikwe mpaka kwa walioolewa Oldonyo Sambu, ili nijue mtu anaalikwaje. Nimeitikia kwa moyo wote. Kosa langu nimelielewa kabisa. Neno la siri moja kwa watu wote ni uzembe.

Tumerudi mjini saa tisa. Aikande nikamtanguliza nyumbani na kikapu cha ndizi, mimi nikapitia kwa Diana. Ukoo ni watu mia moja na kumi na wawili. Sabini nimeshawafungulia anwani. Diana kanionyesha kadi nyingine, hii inaimba.