Mlango Wangu wa Buluu Uko kwa Koplo

Kwako Mheshimiwa Mwenyekiti,
Chama cha Kuwajengea Nyumba Askari Wastaafu.

YAH: MADAI YA KURUDISHIWA MLANGO

Kwanza nakusalimu kwa heshima, wewe na kamati yako nzima. Sisi huku hatujambo, ila tunapigwa na upepo.

Mimi ni fundi saa. Kazi yangu inataka mtu mtulivu, na kwa miaka ishirini na sita sijawahi kumwandikia kiongozi barua ya hasira. Hii ni ya kwanza, kwa hiyo nikikosea mnivumilie. Malalamiko nimeyapa namba ili kamati isipate kisingizio.

1. Mlango ulitolewa bila idhini yangu. Nyumba mliyomjengea Koplo, yule mzee aliyekuwa akilala kwenye baraza za maduka, inatazamana na yangu. Najua hali ni ngumu na michango ya fedha imekauka. Ndiyo maana mliwaomba watu watoe vitu, na watu wakatoa: kinyozi akatoa dirisha, mwalimu akatoa mabati matatu aliyokusudia kuezekea jiko lake, muuza mkate akatoa kitanda cha marehemu mama yake. Wote hao ni watu wanaoomba chumvi kwa jirani. Ukabaki mlango. Katibu wenu alipolisoma hilo mkutanoni, watu wakatazama chini. Mke wangu akasimama, akasema wetu upo. Mimi wakati huo nilikuwa kibandani kwangu nahangaika na saa ya ukutani. Asiyekuwepo na lake halipo, sawa, lakini jamani, hata mlango? Niliporudi jioni nikakuta pazia, nikadhani nimepotea nyumba.

Nilipouliza, mama watoto akanijibu kwamba kutoa ni moyo, si utajiri. Nakubali. Ila yeye alitoa moyo wake na mlango wangu. Akaongeza kwamba nyumba njema si mlango. Aliyeitunga methali hiyo, Mheshimiwa, alikuwa na mlango.

2. Mlango wenyewe una tabia zake. Ni wa mbao ngumu, wa buluu, na unakwama. Kuufungua ni lazima unyanyue kitasa na papo hapo uusukume kwa chini na goti la kushoto. Goti la kushoto la Koplo halikurudi zima kutoka vitani. Kwa hiyo wiki mbili za mwanzo, kila asubuhi, saa kumi na mbili na dakika tano, aliniita kupitia dirisha la kinyozi, nami nikavuka njia na goti langu kwenda kumfungulia. Hakukubali niondoke bila kunywa chai. Chai yake ina sukari kupita kiasi, na mimi nimeshaizoea. Hilo nalo ni lalamiko.

3. Upande wa ndani wa mlango ule kuna alama za penseli za urefu wa wanangu, tangu walipoanza kusimama. Sasa tukitaka kumpima mtoto lazima tubishe hodi kwa watu. Juzi nimekuta Koplo naye amejipima. Amechora mstari wake juu ya ile ya watoto na kuandika tarehe. Nimemweleza kwamba kwa umri wake hatarefuka, akasema tusubiri tuone.

4. Hili nimelifuta, kwa sababu mama watoto amelisoma.

5. Hapa ndipo penyewe. Wiki ya tatu Koplo akagundua kwamba mwenye mlango analala nyuma ya pazia. Akasema kwa askari hiyo ni aibu. Akabeba kiti chake, akavuka njia, akaketi katikati ya kizingiti changu, na tangu siku hiyo analala hapo hapo. Naomba kamati ilitafakari jambo hili polepole. Kabla ya msaada wenu, mzee alikuwa analala milangoni pa watu. Mkahamasisha umma, mkajenga, mkakata utepe, na sasa mzee analala mlangoni pa mtu. Mmemsogeza mitaa miwili! Nyumba yenu nzuri inalindwa na mlango wangu, na ndani hamna mtu.

6. Ulinzi umepita mpaka. Kila Jumatatu Koplo anatoa neno la siri la wiki. Mke wangu analo, watoto wanalo, mama mkwe yeye anapigiwa saluti tu na kupita. Jumatano nilitoka kazini nikiwa sina hili wala lile. Nikajaribu "bunduki", nikajaribu "ushindi", nikajaribu jina la ukoo wangu. Nilisimama nje ya nyumba yangu mwenyewe dakika arobaini na mbili, nimebeba kilo mbili za unga, majirani wakipita wananipa pole. Mwishowe nikaingilia dirishani, naye akanikamata.

7. Halafu analala! Mlinzi gani huyo? Kule kwake, peke yake, mlango ukiwa umefungwa, alituambia hapati usingizi hata kidogo. Akifumba macho tu, anasikia mambo ya zamani. Hapa kwangu, akisikia watoto wanahema nyuma yake, dakika tatu nyingi, anakoroma. Juzi kuku wa jirani amepita juu ya miguu yake na hakushtuka. Nikimwamsha naona huruma, nisipomwamsha siwezi kutoka.

Kwa hayo yote nadai moja kati ya haya. Mnirudishie mlango wangu kabla ya Ijumaa. Au mniletee mwingine, ili Koplo asiwe na sababu ya kukaa kwangu. Yote mawili yakiwashinda, basi muiandikishe nyumba yangu kuwa ya askari mstaafu, na mstaafu mwenyewe niwe mimi. Sifa ninazo: nimelinda nyumba nikiwa nje, nimetekwa, na ninapokea amri kutoka kwa watu watatu.

Msiponijibu nitapita nyumba kwa nyumba kuwaambia watu waache kutoa. Wakati wa dhiki mwenye akili hushika chake. Nimeshaanza na kinyozi. Alinisikiliza vizuri sana mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama nina bawaba za ziada, maana kuna nyumba nyingine inaanza.

Nakomea hapa, kwa heshima na kwa baridi. Nisalimieni katibu, mweka hazina, seremala wenu, na yeyote aliyeshika upande wa pili siku mlango wangu ulipobebwa. Mama watoto anawasalimu, watoto wanawaamkia, na Koplo anawapigia saluti.

Wenu mwenye pazia,
Fundi Saa.

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, seremala wenu amefika na mlango mpya. Kumbe katibu alishasikia kilio changu. Tumeupima, umeenea sawasawa. Koplo akautazama, akaanza kukunja blanketi lake. Nikamwambia seremala amekosea nyumba. Tumeubeba sisi wawili, Koplo akitoa amri, hadi kwa yule mama aliyekuwa mpishi jeshini, ambaye nyumba yake mliiezeka mkaishia hapo na mpaka leo anafunga kwa gunia. Tafadhali msilete mwingine. Ila akitokea mtu wa kuchangia kitanda chembamba, kizingiti changu kina upana wa futi mbili na nusu, na mzee hawezi kuendelea kulala kwenye kiti. Mkikileta mtaulizwa neno la siri. Bado ni lile lile la Jumatano: "asanteni". Mimi lilinishinda dakika arobaini na mbili.